Fundi Ghani na Homa ya Dirisha

Siku Abdulghani Hemedi alipogundua kwamba kompyuta inaweza kunyamaza bila kuumwa, ndiyo siku aliyoacha kujifunza ufundi na kuanza kuuuza.

Alikuwa amepita tu kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, mkononi ana waya wa chaja wa kumwuzia yeyote. Akamkuta karani analia machozi ya kweli. Ekseli ilikuwa wazi mbele yake, jedwali limejaa misumari na mabati, lakini akiandika, herufi haziingii, akibofya, kompyuta inamjibu "ti!" na kukaa kimya. Tajiri wa duka alisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, anatafuta wa kulaumiwa. Ghani akainama, akatazama. Nyuma ya dirisha kubwa, pembeni kabisa, kilichungulia kipande cha kisanduku kidogo chenye swali: tuhifadhi mabadiliko au tusihifadhi? Kisanduku kilikuwa kinangoja jibu na hakuna aliyekiona. Ghani akabonyeza kitufe kimoja, kile cha juu kabisa kushoto. Jedwali likaamka.

"Allahu akbar!" tajiri akasema. "Umefanya nini?"

Ghani alikwishafungua kinywa ili aseme kweli. Kisha akauona uso wa tajiri. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona muujiza, na muujiza hauelezwi, unalipiwa.

"Bado, bosi," akasema. "Hapa nimetuliza maumivu tu. Mzizi uko ndani. Naomba mnipishe."

Wakampisha, wakafunga mlango, naye akakaa humo dakika arobaini akila vitumbua vya karani.

Kwa faida ya wasiokaa maofisini, jambo lenyewe ni hili. Kompyuta yaweza kufungua madirisha hata kumi, lakini lenye sikio ni moja tu kwa wakati mmoja. Yaliyobaki unayaona, hayakusikii. Ni kama kibarazani kwa mjomba: wamekaa watu watano, lakini unayezungumza naye ni mmoja, na ukimpa mgongo, maneno yako anayapokea mwingine. Wenye vyeti huita fokasi. Ghani, ambaye cheti chake kilikuwa cha mtu mwingine, aliita homa ya dirisha.

Na homa hiyo aliitibu kila mgonjwa kwa dini yake. Kwa Waislamu wa mjini alianza na Bismillahi ndefu, akaomba ufukizwe udi, akasema moshi wake hukausha saketi. Kwa Walutheri wa Pongwe alisema dawa imetoka Ujerumani. Mzee mmoja wa kanisa akamuuliza imetoka dayosisi gani, naye akajibu bila kupepesa, "Ya kaskazini." Wakaridhika kabisa.

Tatizo likawa moja: homa yenyewe ilikuwa adimu. Tabibu ambaye wagonjwa wake hawataki kuugua inabidi awasaidie. Ghani akapata kiprogramu kidogo, akakiita Mtama, akakitia kwenye flashi. Kila alipoitwa kufunga printa au kubadilisha waya, aliuacha Mtama ndani ya mashine. Kila baada ya dakika ishirini, Mtama ulilinyang'anya dirisha sikio lake. Tangu hapo wagonjwa wakawa wanaugua kwa ratiba.

Mmoja wa wagonjwa hao ilikuwa kompyuta ya Najat.

Najat alikuwa mchapaji katika duka la kuchapa barua, Barabara ya Nane. Binti wa macho makubwa na maneno machache, aliyechapa kwa vidole vyote kumi. Mara ya kwanza Ghani alikwenda kumtibia mashine. Mara ya pili alikwenda kumtazama. Mara ya tatu alikuwa amekwisha. Usiku halali, mchana hali. Nasema hivi ili msidhani alikuwa mtu mbaya tu. Alimpenda Najat mapenzi ya haki, na ndilo jambo la haki pekee alilokuwa nalo.

"Ghani," Najat akamwuliza siku ile ya tatu, "hii homa mbona haijui mwingine ila wewe?"

"Elimu, Najat, hapewi kila mtu."

"Na mbona inanijia kila ukishaondoka?"

"Ndiyo mazoea yake. Inamwogopa fundi."

Najat akaacha kuchapa. "Niapie kwamba ni homa."

"Wallahi," Ghani akasema, "ni homa."

Akasikia kitu kimemchoma chini ya mbavu. Akadhani ni njaa, akaenda kununua muhogo.

Basi barua ya posa ikapelekwa Nguvumali, kwa Mzee Mwinyijuma, baba yake Najat, mstaafu wa bandarini aliyependa vyeo kuliko futari. Alipoambiwa mposaji ni injinia wa kompyuta, alinyoosha kanzu. Ila juu ya meza yake kulikuwa na barua nyingine, ya Ayubu Shekhe wa Pangani, mfanyabiashara wa samaki. Huyo Ayubu alikuja mwenyewe kabla ya mshenga wake, akamwambia Najat mbele ya baba yake, "Mimi nina gari moja la barafu, nalo linaharibika kila mwezi. Nakwambia mapema usije ukasema sikusema." Mzee aliona huu si mwenendo wa mtu anayetaka mke. Najat akamwongezea mgeni chai.

"Injinia," Mzee Mwinyijuma akamwambia Ghani, "mimi moyo wangu uko kwako. Lakini binti yangu haolewi kibarazani. Nataka ukumbi, nataka watu mia tatu, nataka iwe kabla ya mwezi mtukufu. Nakupa mpaka Jumamosi uniletee tarehe. Ukikosa, nitamjibu yule mnuka vibua."

"Mzee wangu, hesabu imeshakwisha hiyo."

Haikuwa imeanza. Anayeijua Tanga anajua Shaabani ilivyo. Mwezi wa mfungo hakuna harusi, kwa hiyo kila mwenye bibi harusi anataka amwoe kabla, na kila mwenye jungu anataka alivunje. Ukumbi wa maana Nguvumali ulikuwa mmoja, Tumaini Jema, na Jumamosi zake zote zilikuwa na wenyewe. Ghani akapita ukumbini kwa siri kuulizia, akalichungulia jedwali la tarehe. Jumamosi ya mwisho, ya vunja jungu yenyewe, ilikuwa ya nani? Ya Ayubu Shekhe wa Pangani. Alikuwa ameshika tarehe kabla ya kupata mke! Kwenye safu ya bibi harusi paliandikwa: bado.

Ghani alicheka peke yake barabarani mpaka mwuza kahawa akamwuliza kulikoni. Mtu mwingine angekwenda Pangani akamwomba Ayubu wabadilishane. Lakini Ghani hakuwa na tabia ya kuomba anachoweza kuchukua.

Mtunza ukumbi alikuwa Bi Praxeda, mjane Mkatoliki aliyepiga taipu miaka thelathini katika ofisi ya shamba la mkonge, na ambaye alipostaafu alifundisha nusu ya wasichana wa Tanga kuchapa. Tarehe zote alizitia kwenye jedwali la Ekseli. Kila mwanzo wa mwezi alilichapisha, akaligonga muhuri, akalibandika mlangoni chini ya kibao kilichosema: KILICHOBANDIKWA HAKIBANDULIWI. Mabwana harusi walikuwa wamelia mbele ya kibao hicho, na hakikubanduliwa kitu. Orodha ya Shaabani ilikuwa itoke Jumamosi hiyo hiyo, saa nne asubuhi.

Sasa sikilizeni uzuri wa mpango. Printa ya Tumaini Jema aliifunga Ghani mwenyewe, wiki tatu nyuma, akaiweka kwenye meza ya mapokezi ukumbini. Mtama ulikuwa umo ndani ya mashine siku nyingi. Kilichobaki ni kungoja simu, na simu ikaja Ijumaa baada ya swala.

Jumamosi saa tatu Ghani alikuwa mlangoni, shati jeupe, marashi ya kutosha msafara.

"Shikamoo, Bi Praxeda."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Dirisha langu limekuwa kiziwi."

"Pole sana, mama. Linaanzaje?"

"Kwa rozari," Bi Praxeda akasema, akaonyesha shanga zake. "Nikimaliza moja, linanyamaza. Nikadhani ni bahati tu. Nikasali rozari ya haraka, halikunyamaza. Nikasali ya taratibu, likanyamaza penye Salamu Malkia. Huu ugonjwa, fundi, unashika saa kuliko watumishi wa ofisini kwetu zamani."

"Ndiyo dalili yenyewe hiyo," Ghani akasema kwa huzuni ya kitaalamu. "Homa ya vipindi. Ni mbaya sana hiyo."

"Nilijua utaijua."

Akampeleka ofisini. Kilikuwa chumba kidogo chenye mlango mmoja, na ukutani nyuma ya kiti kulikuwa na kidirisha cha kukatia tiketi, kinachotazama ukumbini, kimefunikwa pazia la maua. Kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa wazi majedwali mawili, moja kushoto na moja kulia, kama Bi Praxeda alivyozoea kupanga karatasi zake. La kushoto ni tarehe za harusi. La kulia ni zamu za jikoni.

"Mausi yangu imepotea tangu jana," Bi Praxeda akasema. "Ile isiyo na waya. Utaweza bila mausi?"

"Mama, mausi ni ya wanafunzi." Akavua saa yake, akaiweka mezani. "Tafadhali nje watu wote. Mlango ufungwe. Hii dawa ina mionzi."

Aliwaita Mzee Mwinyijuma na Najat waje saa nne waone tarehe kwa macho yao, ikitoka ya moto kwenye printa. Akasikia sauti yao ukumbini, wamefika mapema. Vizuri zaidi.

Alipobaki peke yake, akafunga mlango kwa komeo. Akachomeka flashi, akautoa Mtama kwanza, maana hakuna mganga anayependa kuugua katikati ya uganga. Kisha akashika vishale vya kibodi, akashuka mstari kwa mstari katika jedwali la harusi: Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumamosi ya mwisho. Kielekezi kikasimama juu ya jina la Ayubu Shekhe, kimelizungushia mstari wa kijani. Ilibaki kuandika juu yake tu. Jina jipya lingefuta la zamani lenyewe.

Hapa inabidi tuseme aibu moja ya Fundi Ghani, ambayo wateja wake hawakuwahi kuiona kwa kuwa aliwafungia nje. Alikuwa hajui kuchapa. Alidonoa kwa vidole viwili, na ili adonoe ilimpasa ainamishe kichwa hadi pua ikaribie kibodi, aitafute kila herufi ilikolala. Wakati huo kioo hakukiona kabisa. Hakuona kama ni kasoro. Macho ni mawili, alisema, na herufi ziko chini.

Akainama. "Bismillahi."

Akasikia "tk" ndogo nyuma yake, penye pazia. Mjusi, akajisemea.

A. B. D. U. Akaitafuta L, akaipata. Akaendelea mpaka ABDULGHANI HEMEDI likakamilika. Akabonyeza kitufe cha kuhamia safu ya pili, ile ya bibi harusi. Mjusi akalia tena, tk. Ghani hakuinua kichwa. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na siyo kwa hofu. Alikuwa anaandika jina la mwanamke anayempenda. Akalidonoa polepole, herufi moja moja, bila kukosea hata moja: NAJAT MWINYIJUMA. Akabonyeza kitufe cha kukubali.

"Fundi!" Bi Praxeda akagonga mlango kwa nguvu. "Saa nne hii! Watu wanangoja orodha!"

"Tayari, mama, tayari!"

Vidole viwili vikahifadhi, vikaagiza printa. Ghani akaruka kitini, akavaa saa, akafuta jasho. Hakutazama kioo. Angetazama nini? Alikuwa ameandika mwenyewe.

Ukumbini printa ilikuwa inaunguruma. Watu kama ishirini walikuwa wameshakusanyika, wenye harusi na ndugu zao. Bi Praxeda akaichukua karatasi ikiwa bado ina joto, akaisoma kimya, akaipiga muhuri, pa! Mzee Mwinyijuma alisimama mbele kabisa, fimbo mkononi. Najat alikuwa ameegemea ukuta, mikono ndani ya mtandio.

"Kabla sijabandika," Bi Praxeda akasema, "nataka fundi athibitishe. Asije mtu kesho akasema kompyuta ilikuwa mgonjwa."

Hili Ghani hakulitegemea, lakini lilimfurahisha. Angeliomba mwenyewe kama angelifikiria. Akapanda juu ya kiti.

"Jamaa zangu," akasema, "mimi ndiye niliyeitibu mashine hii, kwa mikono yangu miwili. Imepona. Mashine iliyopona haikosei. Kilichoandikwa humo ndicho alichokikusudia mwandishi, herufi kwa herufi. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Karatasi ikabandikwa.

"Nami nasema," Mzee Mwinyijuma akaongeza, kwa vile alipenda kuongeza, "jina la binti yangu likishabandikwa mlangoni, haliteremki mpaka ameolewa. Sitaki aibu." Akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti ya bandarini. "Jumamosi ya mwisho. Bibi harusi: Najat Mwinyijuma."

"Mashallah," watu wakasema.

"Bwana harusi..." Mzee akasita. Akafuta miwani kwa kanzu, akaivaa tena. "Bwana harusi: Ayubu Shekhe. Wa Pangani."

Ghani akashuka kwenye kiti. Akasogea mpaka mlangoni, akasoma. Jina la Ayubu lilikuwa pale pale lilipokuwa, halikuguswa. Na kando yake, lilipokuwa limeandikwa "bado", lilikaa jina ambalo yeye mwenyewe alilidonoa kwa mapenzi, bila kosa hata moja.

"Injinia," Mzee Mwinyijuma akasema taratibu. "Si umesema mashine haikosei?"

Ghani akafungua kinywa. Ili aseme orodha si sahihi, ilimbidi aseme iliyo sahihi ni ipi, na aliijuaje, na alikuwa anafanya nini na jina la Ayubu nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo. Akafunga kinywa.

Najat akatoa mkono ndani ya mtandio, akaweka juu ya meza ya mapokezi mausi isiyo na waya. "Bi Praxeda, mausi yako hii hapa. Ilikuwa kwenye kidirisha cha tiketi."

Ghani akakitazama kidirisha. Kwa mbali pazia la maua lilikuwa limesogezwa, upana wa jicho. Alipokuwa ameinama juu ya kibodi, binti huyu alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wake, anakiona kioo chote. Kubofya kwa kwanza kulimpeleka Ghani kwenye jedwali la kulia, na jina lake likaenda huko. Kubofya kwa pili kukamrudisha kushoto, kando ya jina la Ayubu, naye akaandika alichoandika. Mjusi hakuwepo. Ujanja ulikuwa wa Ghani mwenyewe, umefanywa kwa mkono badala ya Mtama.

Najat akamsogelea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Mimi na Bi Praxeda tuliuona Mtama wako wiki mbili zilizopita," akamwambia kwa sauti ya watu wawili. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Ungesema tu, Ghani. Ningecheka, yangeisha. Basi usijilaumu sana. Siyo kosa lako. Ni homa. Wallahi."

Pale chini ya mbavu pakachoma tena, na safari hii Ghani alijua si njaa.

Mzee Mwinyijuma alikuwa bado anaitazama karatasi, anapima aibu mbili ipi nzito. Akaugonga mlango kwa fimbo. "Kilichobandikwa hakibanduliwi," akasema kwa uchungu. "Nipigieni simu Pangani. Na mwambieni aoge vizuri."

Watu wakacheka, wakatawanyika. Ghani akataka kutawanyika nao, lakini Bi Praxeda alimwita ofisini. Mkononi alishika flashi ambayo fundi, katika ile haraka, aliisahau kwenye mashine.

"Humu mna kitu chako, mwanangu. Makarani wengi wa mji huu ni wanafunzi wangu. Nikiwapigia simu leo, kesho utahama Tanga." Akamgeuzia kioo. "Ila naona umeniandikia kitu katika zamu za jikoni, nikakihifadhi. Ukikitimiza, flashi nitaichoma moto tukiwa sisi wawili tu, na yaishe."

Ghani akainua macho, akasoma. Jumamosi ya mwisho ya Shaabani, kuosha masufuria: ABDULGHANI HEMEDI.

Akaja. Ningependa kuwaambia alikimbilia Mombasa, lakini alikuja, saa kumi na mbili asubuhi, na sufuria za pilau ya watu mia tatu zilikuwa kumi na nne. Vigelegele vilipopigwa ukumbini alikuwa ameingia ndani ya sufuria mpaka mabegani, anasugua ukoko, na kama alilia humo ndani hakuna aliyemwona. Jioni bwana harusi mwenyewe alipita jikoni na kanzu yake mpya kuwashukuru wasaidizi, mmoja mmoja. Alinuka marashi, na kwa mbali vibua. Akaushika mkono wa Ghani uliolowa sabuni, wala hakujifuta.

Bi Praxeda akaichoma flashi jikoni kama alivyoahidi. Kisha akaleta karatasi ya kutia sahihi kwamba kazi imekamilika, pamoja na sahani ya pilau. Ghani akaisogeza sahani pembeni. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma juu mpaka chini, mstari kwa mstari, akairudia, kisha akaigeuza akatazama na nyuma. Ndipo akaomba kalamu.